Shukrani kwa mpimaji aliyenisaidia kulaza mipaka

Mchoro wa viwanja ulinifikia kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, ukiwa na polilaini (mistari iliyoungana) za 3D, kila kona na Z yake, yaani kimo chake. OFFSET, amri ya kunakili mstari sambamba, ilizikataa, na mpaka wa mita 30 uliopanda mita 4 ulisomeka 30.27, ilhali ramani ya kiwanja hutaka umbali wa mlalo.

Kaka mmoja mpimaji, ambaye hakutaka atajwe, alinielekeza namna ya kuzilaza, Z zote ziwe 0. Kwanza nihifadhi nakala, maana Z ikishafutwa, vimo vya ardhi ndiyo basi tena. Njia ya mkato ni amri ya FLATTEN, iliyo kwenye nyongeza za Express Tools: chagua mistari, ukiulizwa kuhusu mistari iliyofichika jibu No. AutoCAD yangu haina nyongeza hizo, kwa hiyo akanipa njia ya pili: EXPLODE kuvunja polilaini ziwe vipande, kwenye Properties, Start Z na End Z zote 0, kisha PEDIT ya kuviunga tena: M (vingi kwa pamoja), chagua vipande, Y (vigeuzwe polilaini), J (unga), umbali wa kuungia 0.

Kona mbili ziligoma kuungana. Akakuza picha, akanionyesha pengo la milimita 3, akanikataza kuongeza ile 0 ya kuungia kabla ya kujua pengo limetoka wapi. Wengi wangeliziba tu wakaendelea. Asante sana, kaka.