Asante kaka wa Magamba, popote ulipo

Jamani naomba nimshukuru kaka mmoja tuliyekutana naye kwenye msitu wa Magamba, kule Lushoto, mwezi wa saba huu. Wanaoijua Lushoto wanajua Julai palivyo, ukungu unashuka mpaka njiani, ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na mimi ndo msimu naoupenda kutembea milimani kuliko yote maana kwenye joto ukipanda pale jasho linakumaliza ila kipupwe unatembea mchana kutwa na mwili uko freshi kabisa.

Sasa majani yakilowa umande yanateleza balaa, na mama mdogo niliyekuwa naye goti likaanza kumsumbua katikati ya msitu. Kaka alikuwa anashuka zake, akasimama, akampa fimbo yake, akamwonyesha kushuka kwa upande upande, mguu mmoja ukishika ndo unaleta wa pili. Halafu akatoa chupa ya chai ya tangawizi, kikombe kimoja tunapokezana, moto mpaka vidole vikarudi uhai. Akatusindikiza hadi barabarani, na njiani akatuonyesha mbega wamejikunyata juu ya mti, mimi peke yangu nisingewaona. Hela akakataa katakata, hata jina hakutaja.

Kaka, mama mdogo anaendelea vizuri na anakuombea kila akisali. Fimbo yako anayo. Mtu wa Lushoto anayemfahamu amfikishie tafadhali, kipupwe kijacho tunarudi inshallah, tunataka kufika na Irente, pale kwenye mwamba wa kutazama mandhari, na safari hiyo chai ni juu yetu.