Mbona Mwaniuliza Swali Lile Lile?

"Nishamwambia daktari, nishamwambia nesi, na wewe waniuliza tena?"

Mama mmoja wa Likoni, aliyekuja kwetu kupasuliwa ngiri, alisema hivyo akiwa ameshavaa gauni. Daktari wa nusukaputi hakumwuliza kama amekula. Alimwuliza, "Tangu alfajiri, mama, umetia nini mdomoni?"

"Sikula kitu. Chai tu, nusu kikombe, ya kumezea dawa ya presha."

Chai yenyewe ya maziwa. Tukausogeza upasuaji hadi alasiri. Hakufurahi, wala mwanawe aliyeomba ruhusa kazini, na twawaelewa. Lakini maziwa tumboni ni chakula. Ukiwa katika usingizi wa nusukaputi koo halijilindi, na kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ndiyo maana twataka upitishe saa 6 bila chakula wala maziwa, na saa 2 za mwisho bila hata maji. Wale wawili wa kwanza aliwajibu kweli: hakula. Ni swali la tatu, lililokuja kwa njia nyingine, lililoipata ile chai.

Kila mmoja wetu ana lake analolitafuta. Mpasuaji ataka kujua kuhusu aspirini na mitishamba, kwa sababu zaweza kuzidisha kutoka damu. Nesi ahakikisha jina, ridhaa uliyotia sahihi, na alama upande utakaopasuliwa. Daktari wa nusukaputi auliza pumu, meno ya bandia, na piko. Naam, piko! Ile nyeusi ya kucha huzuia mwanga wa kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Ukiwa na harusi wiki hiyo tuambie mapema, na kidole kimoja kiache bila kupakwa.

Kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya kutoka chumbani, twasimama sote kuisoma kwa sauti orodha ya Shirika la Afya Duniani ya kuhakiki usalama wa upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wa hospitali katika miji 8, mmojawapo Ifakara kwa jirani zetu Tanzania, ulionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya orodha hiyo kuanza kutumika.

Siku ya uchunguzi wa kabla ya upasuaji njoo na dawa zako zote mfukoni, hata za mitishamba. Dawa nyingi za presha humezwa asubuhi ile kwa funda la maji, ila si zote. Usijiamulie, tupigie jioni ya kuamkia upasuaji, tutakupa daktari wa nusukaputi mwenyewe uzungumze naye.