Barua kwa wifi: kabla hujanunua ile krimu ya mbalanga

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa kaka na kwa watoto wote. Umeniuliza mambo mawili kuhusu mbalanga ya mtoto: ile krimu inayotangazwa WhatsApp kwamba inarudisha rangi kwa siku 30, na kama ni vyema kumwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya ikitokea nafasi. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wanaouliza hivyo ni wengi, na maswali yote mawili yanajibiwa na kitu kimoja: namna majaribio yenyewe yanavyofanywa.

Tuanze na hizo siku 30. Mbalanga, au vitiligo kama daktari alivyoandika kwenye kadi, hutokea pale chembe za kinga za mwili zinapoziua seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Juu ya ngozi seli hizo huisha. Akiba inayobaki iko chini, kwenye shina la unyweleo, na kutoka huko seli mpya hupanda taratibu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama dawa inafanya kazi, mkalishe mtoto dirishani mchana, utazame baka la shavuni kwa karibu. Utafute vidoa vidogo vya rangi, kila kimoja kimezunguka unyweleo. Baada ya miezi vidoa hivyo hupanuka na kukutana. Baka ambalo vinyweleo vyake vimekwisha kuwa vyeupe lina akiba ndogo. Ncha za vidole hazina vinyweleo kabisa, ndiyo maana shavu linaweza kujaa rangi na vidole vikabaki vilevile. Mtoto asilaumiwe kwamba hapaki dawa vizuri.

Jaribio moja la Vancouver, Canada, lililochapishwa 2004, lilionyesha jambo hili waziwazi. Watafiti walichukua wagonjwa 22, wakamulika nusu ya mwili wa kila mmoja kwa mionzi ya UVB ya wigo mwembamba (sehemu ya mwanga wa jua inayotolewa na taa maalumu) mara 3 kwa wiki, nusu ya pili wakaiacha. Baada ya miezi 6 upande uliomulikwa ulikuwa umepata nafuu ya karibu asilimia 43, usiomulikwa asilimia 3 tu. Miguu, kiwiliwili na mikono vilirudisha rangi vizuri. Sehemu za kuanzia kifundo cha mkono na cha mguu hadi vidoleni zilibaki nyuma sana. Mionzi hiyo ni miongoni mwa tiba bora tulizonazo, na bado ilihitaji miezi 6.

Jaribio hilohilo ndilo lililoleta kipimo kiitwacho VASI, na unaweza kukielewa ukiwa nyumbani. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake vikiwa vimefungwa, ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake yote. Hesabu mabaka yanachukua viganja vingapi, kisha zidisha kwa kiasi cha rangi kilichopotea. Baka la viganja 2 lililopoteza rangi yote ni 2. Likirudisha nusu, linakuwa 1. Ukisoma kwamba mgonjwa amefikia VASI75 ya uso, maana yake alama yake ya uso imepungua kwa asilimia 75 au zaidi tangu siku ya kwanza. Haina maana kwamba amepona kabisa.

Sasa tuje kwenye dawa ambayo watu wanaitaja kila siku, krimu ya ruksolitinibu ya asilimia 1.5, inayouzwa kwa jina la Opzelura. Marekani iliipitisha Julai 2022 kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea, baada ya majaribio mawili yaliyoitwa TRuE-V1 na TRuE-V2, yenye wagonjwa 674 wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Kwa kila watatu, wawili walipangiwa kwa kura krimu yenye dawa na mmoja krimu tupu. Walipaka mara 2 kwa siku kwa wiki 24, bila mgonjwa wala daktari kujua nani ana nini. Baadaye wote wakapewa dawa hadi wiki ya 52. Katika wiki ya 24, waliofikia VASI75 ya uso walikuwa karibu asilimia 30 upande wa dawa. Upande wa krimu tupu walikuwa asilimia 7.4 katika jaribio la kwanza na 11.4 katika la pili.

Hebu zitazame tena hizo namba za krimu tupu, wifi. Kuna watu waliopaka mafuta yasiyo na dawa yoyote na rangi ikarudi usoni. Mbalanga hupanda na kushuka yenyewe, na jua nalo husaidia. Kwa hiyo picha za "kabla na baada" za muuza dawa zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zisithibitishe chochote. Utajuaje bila kundi la kulinganisha?

Kuna jambo linaloniuma katika majaribio hayo: wengi mno wa walioshiriki walikuwa Wazungu, na watu weusi hawakufika mmoja kati ya kumi. Mabaka ya ugonjwa huu hujitokeza wazi zaidi kwenye ngozi kama yetu, na sisi ndio tunaotazamwa barabarani. Dawa ikijaribiwa bila sisi, hatuwezi kusema kwa uhakika itachukua muda gani kwetu.

Jaribio ninalokusihi ulielewe zaidi ni HI-Light la Uingereza, kwa sababu lilipima vitu ambavyo familia ya kawaida inaweza kuvifikia. Lilikuwa na washiriki 517, watoto wa kuanzia miaka 5 wakiwemo. Walipewa taa ndogo ya UVB ya kushika mkononi, marhamu (dawa ya mafuta mazito) ya mometasoni ya asilimia 0.1, ambayo ni steroidi, au vyote viwili, kwa miezi 9. Taa ilitumika siku moja na kuachwa siku moja. Marhamu ilipakwa mara 1 kwa siku wiki moja, wiki inayofuata ikaachwa ili ngozi isiwe nyembamba. Aliyepangiwa marhamu peke yake alipewa pia taa bandia, na aliyepangiwa taa ya kweli peke yake alipewa mafuta matupu. Mwisho waliulizwa kama baka halionekani tena au limepungua sana kuonekana. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 17 kwa marhamu, 22 kwa taa, 27 kwa vyote viwili. Ni matokeo ya kiasi, na nayaamini kwa sababu hiyohiyo.

Matatizo nayo yaliandikwa. Asilimia 12 hivi ngozi yao iliungua kiasi cha kuwa nyekundu sana au kutoa malengelenge. Chini ya nusu ndio waliofuata ratiba vizuri, maana kumulika baka baada ya baka kila baada ya siku moja kunachosha. Na baada ya kuacha, wengi rangi iliyorudi ikapotea tena, kwa kuwa chembe za kinga zenye kumbukumbu hubaki ndani ya ngozi. Kwa mtoto wetu nakuonya hivi: wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi iliyozunguka baka, hivyo muulize kama anahisi joto au maumivu kesho yake. Akihisi, msimulike hadi yaishe, na daktari apunguze muda. Mkiruka vipindi kadhaa, msirudi pale mlipoishia. Miwani ya kinga ni lazima.

Krimu ya WhatsApp haina orodha ya viambato, na hilo pekee linatosha kuikataa. Krimu nyingi za namna hiyo huwa na klobetasoli au betamethasoni, yaani steroidi kali, ambazo usoni huleta chunusi, mishipa kuonekana na ngozi kuwa nyembamba, na karibu na jicho zinaweza kupandisha presha ya jicho.

Kuhusu kumwingiza kwenye majaribio, sikatai. Ila kwanza mtaalamu athibitishe kwa taa ya Wood (taa ya mionzi ya urujuanimno ya kukagulia ngozi gizani) kwamba ni mbalanga, na apime kwa pamba kama baka linahisi mguso; baka lenye ganzi linaweza kuwa ukoma. Kisha uliza namba ya usajili, uitafute kwenye PACTR, rejista ya majaribio ya tiba ya Afrika nzima. Kwa Tanzania, jaribio la dawa huhitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na kamati ya maadili. Ukiombwa kulipia dawa ya majaribio, ondoka. Fomu ya ridhaa uende nayo nyumbani uisome na kaka. Mtoto ana miaka 13, kwa hiyo naye aulizwe, na akisema hapana, asilazimishwe. Ulizeni atapata nini akiangukia krimu tupu, tiba anazotumia zinapaswa kuachwa wiki ngapi kabla, nani atamtibu akidhurika, na dawa ikimsaidia ataendelea kuipata wapi jaribio likiisha. Swali hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloumiza zaidi.

Kuanzia leo mpige picha mara moja kwa mwezi: dirisha lilelile, saa ileile, umbali uleule, rula ikiwa kando ya baka, bila fleshi wala kupamba picha. Andika tarehe. Mkienda kliniki nenda na picha zote, pamoja na maboksi ya kila krimu aliyowahi kupaka, hata zile mnazoona aibu kuzionyesha.

Wasalaam,
Wifi yako