Kaka wa kwenye kivuko cha Kamanga, asante sana
Kaka uliyekaa pembeni yangu Jumamosi jioni tukitokea upande wa Sengerema, jina sikukuuliza ila asante sana aisee. Mi ndo yule mpiga dramu wa lupu, vile vipande vifupi vya mdundo vinavyojirudia, narekodia chumbani, kila niliyemtumia alikuwa ananambia inakwama ikirudi mwanzo na mi miezi yote nalaumu mkono wangu, we ukavaa hedifoni zangu ukasikiliza mara mbili tu ukasema mdogo wangu mkono uko poa, shida ni faili la MP3, inaongeza kaukimya kadogo mwanzoni na mwishoni, toa kwa WAV, faili lisilobanwa. Nimefika Kirumba usiku uleule nikatoa upya, baa 4 za biti nne nne, tempo 120 yaani biti 120 kwa dakika, sekunde 8 kamili, inazunguka haikatiki! Nimeshawatumia wote, bure kabisa. Mungu akubariki kaka yangu.