Binti yangu, usiuache uuguzi

Mwanangu mpenzi,

Hapa Tanga hatujambo, na baba yako miguu imepata nafuu. Ama baada ya salamu, nimesoma ujumbe wako kwamba unataka kuahirisha masomo ya kompyuta Chuo Kikuu Huria, na kwamba hata ukiendelea, uuguzi utauacha, kwa sababu wenzako wanakwambia mshika mbili moja humponyoka. Nimeona nikuandikie. Kwenye simu tungeishia kukatizana.

Najua umechoka. Kutoka zamu ya usiku ukaenda kukaa na takwimu si kazi ndogo.

Lakini kumbuka kilichokupeleka huko. Ulinieleza mnavyofunga mwezi: vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za kituo, vimefunuliwa mezani, mnahesabu wajawazito kwa vijiti vitano vitano, mnajaza fomu, takwimu zinaingizwa kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Jumla inagoma. Aliye wilayani anaona nafasi tupu, basi. Wewe unajua ni tupu kwa sababu aliyekuwa anaandika aliitupa kalamu akimbilie kumpokea mtoto. Mwanangu, mfumo ule chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa kompyuta wapo wengi, lakini wangapi wamewahi kushika kitabu kile saa nane za usiku huku mama anasukuma? Hapo ndipo penye kazi yako, na ukiuacha uuguzi hutapaona tena.

Na Florence Nightingale, yule muuguzi wa zamani mliyefundishwa habari za taa yake, mbona hawakuwasimulia michoro yake? Mwaka 1858 alitoa michoro ya duara iliyoonyesha kwamba katika Vita vya Crimea askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa ya kuzuilika kuliko majeraha. Wakubwa aliwabana kwa hesabu. Alikuwa muuguzi na mtu wa takwimu kwa wakati mmoja, wala hakuna kilichomponyoka.

Kwa hiyo naomba usitoke chuoni. Muhula ukiwa mzito, beba masomo machache. Chuo Huria kilianzishwa kisheria mwaka 1992, na watu wenye kazi na watoto kama wewe ndio hasa wanaofaidika nacho. Hesabu usizisome peke yako, tafuta kikundi. Mradi wako wa mwisho uwe wa wodi ya wazazi, usihangaike na maduka na mahoteli ambayo huyajui. Na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ihuishe kila inapofika muda wake, hata kama unadhani hutaihitaji. Hilo nalisisitiza sana.

Kuhusu ada, tumeshauriana na baba yako na pesa ya nazi ipo. Niandikie kiasi kilichobaki na siku ya mwisho ya kulipa, nikutumie kwa simu. Mjukuu wangu mlete likizo hii akae nasi, upate nafasi ya kusoma.

Ni mimi mama yako.