Watoto wachanganye rangi wenyewe, wasinakili majina yake ubaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna watoto wa shule za msingi wanavyofundishwa habari za rangi. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa Darasa la Nne alinionyesha daftari lake la somo la Sanaa na Michezo. Ndani yake mlikuwa na duara la rangi lililogawanywa vipande sita, limechorwa kwa penseli, na katika kila kipande limeandikwa neno: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, buluu, zambarau. Majina yote yalikuwa sahihi, na mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema. Katika ukurasa mzima hapakuwa na tone hata moja la rangi.

Simlaumu mwalimu yule. Nilifundisha sanaa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninajua hali ya kuingia darasani na chaki mkononi, mbele yako watoto zaidi ya sabini. Hata hivyo, mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unataka mtoto apimwe kwa anachoweza kutenda, na mtoto aliyenakili kwamba buluu na manjano huzaa kijani bado hana analolijua kuhusu kijani. Anayelijua ni yule aliyemimina buluu nyingi mno, manjano yake ikazama yote, akalazimika kuanza upya kwa kutanguliza manjano na kuongeza buluu tone kwa tone. Anayelijua pia ni yule aliyetia mkaa kidogo katika manjano akitarajia manjano yenye giza, akashangaa kuona imeelekea kwenye kijani cha majani makavu. Nimeliona jambo hilo likilinyamazisha darasa zima.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache kuliko tunavyodhani. Pakiti tatu za rangi za chakula, zile wanazotumia waoka keki, zinatosha kundi kubwa la watoto. Vifuniko vya chupa huwa vyombo vya kuchanganyia, kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki huwa brashi, na boksi lililopasuliwa huwa karatasi. Weusi hutoka kwenye mkaa, weupe kwenye vipande vya chaki vilivyosagwa, na wekundu wa aina yake kwenye udongo. Waliochora kwenye miamba ya Kolo kule Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, walitumia rangi nyekundu iliyotokana na udongo, na michoro yao bado inaonekana. Lugha yetu nayo inasaidia. Ukiacha nyekundu, nyeupe na nyeusi, rangi nyingi za Kiswahili zimepewa majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, na chungwa, zambarau na manjano tunazila. Mtoto anaweza kuagizwa aje na kitu chenyewe, akiweke mezani, kisha aitafute rangi yake.

Kuna jambo moja ambalo naomba walimu wenzangu walizingatie kwa makini. Tumezoea kufundisha kwamba nyekundu na buluu huleta zambarau, lakini mtoto anayechanganya nyekundu ya nyanya na buluu mara nyingi hupata kitu cha rangi ya matope, kisha huambiwa amekosea. Hajakosea. Rangi ya kuchorea huonekana ilivyo kwa sababu humeza sehemu ya mwanga na kurudisha sehemu iliyobaki. Manjano humeza mwanga wa buluu, buluu humeza mwanga mwekundu, na unaoponea kwa zote mbili ni mwanga wa kijani. Ndiyo sababu kijani hupatikana kwa urahisi. Nyekundu ya nyanya nayo humeza mwanga wa buluu, sawa na manjano, kwa hiyo inapokutana na rangi ya buluu hausalii mwanga mwingi wa kurudi machoni. Mtoto huyo huyo akipewa nyekundu inayoelekea kwenye waridi iliyokolea, ambayo huuachilia mwanga wa buluu, zambarau itatokea hapo hapo. Hata picha za rangi magazetini huchapwa kwa wino wa waridi iliyokolea, wa samawati, wa manjano na mweusi. Mwalimu aliyewahi kujaribu mwenyewe atajua la kumweleza mtoto mwenye matope. Aliyekariri tu atabaki na alama ya mkasi.

Vilevile rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, alipochunguza malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za pale zilikuwa hafifu, aligundua kuwa kilichowahadaa watu ni rangi zilizofumwa kando ya nyuzi hizo, na mwaka 1839 akaandika kitabu juu ya jambo hilo. Darasani kwetu jaribio lake halihitaji karakana. Kata vipande viwili vya kanga moja nyekundu, weka kimoja juu ya kitambaa cheusi na kingine juu ya cheupe, kisha waulize watoto ni kipi kilicho chekundu zaidi. Watabishana sana.

Ninawaomba walimu wakuu waruhusu vipindi viwili vya dakika 40 viunganishwe angalau mara moja kwa mwezi, kwa maana kugawa rangi, kuchanganya na kuosha vyombo hakumaliziki katika kipindi kimoja. Ninawaomba pia watunga mitihani ya shule waliache swali la "Taja rangi tatu za msingi". Badala yake, kila mtoto apewe rangi hizo tatu na jani changa la mwembe, lile ambalo bado lina wekundu wa shaba, kisha atakiwe kuifikia rangi ya jani hilo kwa mkono wake.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro