YAH: MALALAMIKO KUHUSU UZIO WA UMEME MLIOUFUNGA BILA KINGA YA RADI, NA DHARAU NILIYOFANYIWA KAUNTA KWENU

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Isongole, Wilaya ya Rungwe.

Meneja wa Tawi,
Mbeya Mjini.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitapoteza wino kuyarudia. Nimeambatanisha risiti, kadi ya waranti na karatasi ya kazi yenye saini ya fundi wenu. Nakuomba kwa heshima usome mpaka mwisho kabla hujamwita kijana wako wa kaunta akueleze ya kwake.

Mashine inayopeleka umeme kwenye uzio imeungua. Hilo halina ubishi, maana yule kijana alipofungua kifuniko harufu ilijaa duka zima. Sikuja kugombana. Nilimsalimia, nikamwekea karatasi zangu mezani. Yeye akainyanyua mashine juu ili wateja wote waione, akasema: "Mama, kwenu Rungwe radi huwa zinatumwa. Kamalizane kwanza na jirani yako, ndiyo uje kwetu." Watu wakacheka. Kadi ya waranti hakuigusa.

Sasa nieleze kuhusu hiyo radi ya kutumwa. Haikupiga uzio wangu. Ilipiga mkaratusi ng'ambo ya bonde. Najua radi ikishuka juu ya waya wenyewe hakuna kifaa cha kuniahidi usalama, na kama ingekuwa hivyo ningekaa kimya. Lakini waya unaozunguka malisho ni mrefu, na radi ikipiga jirani tu nao hupata umeme wa ghafla unaotafuta njia ya kuingia ardhini. Kwangu umeme ule ulikuta njia moja, katikati ya mashine yenu, kwa sababu fundi wenu hakuuachia nyingine.

Fungua kijitabu mnachokiweka ndani ya boksi. Mchoro upo. Kwenye waya unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye uzio panafungwa kizuia radi, chenye fimbo zake za erthi, yaani vyuma vinavyozikwa kuupeleka umeme ardhini, mbali na zile za mashine. Kati ya kizuia radi na mashine, waya unakunjwa mizunguko kama kumi hivi. Umeme wa kawaida wa uzio unapita hapo bila shida, ila ule wa radi unapanda kwa ghafla mno, ile mizunguko inaukatalia, unageukia kizuia radi na kuzama ardhini. Si uchawi huo. Nilimwonyesha fundi wenu mchoro siku anafunga, akanijibu kwamba hivyo ni vitu vya kuongeza gharama tu, uzio utafanya kazi bila hivyo. Tena alisema huku anakunywa chai yangu.

Erthi ndiyo aibu kubwa zaidi. Mashine inataka fimbo zisizopungua tatu, za mita mbili kila moja, zikiachana kama mita tatu. Fundi wenu alizika kipande kimoja ambacho mjukuu wangu angeweza kukichomoa kwa mkono, halafu akavuta waya na kukiunganisha na erthi ya nyumba, wakati erthi ya uzio inatakiwa ikae angalau mita kumi kutoka hapo. Kwa hiyo radi ilipomalizana na mashine iliingia ndani na kuniulia friji ninalotunzia maziwa ya jioni. Plagi ya mashine nilikuwa nimeichomoa wingu lilipoanza kunguruma, kama nilivyoagizwa. Kwamba na waya wa uzio lazima uachanishwe na mashine, fundi wenu hakulisema. Mnauza vitu hivi Nyanda za Juu Kusini, mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na ngurumo za Rungwe mnazisikia kutoka hapo hapo mjini. Sasa mlidhani tunafunga uzio jangwani?

Uzio ulipokufa, ng'ombe waligundua upesi kuliko mimi. Wakaingia kwenye viazi vya jirani usiku.

Na hapa naomba nirudi kaunta, kwa sababu pale juu sikusema yote. Kijana wako alipotamka yale maneno kuhusu jirani yangu, hakuishia hapo. Alimgeukia mzee aliyekuja kununua waya akamuuliza, "Au nadanganya, mzee wangu?" Mimi nimesimama, mtu wa umri wa mama yake mzazi, mkoba uko kwapani, nasubiri tu anijibu kuhusu waranti. Akaisukuma mashine kunirudishia mpaka ikanigonga mkononi, akasema, "Mpelekee mganga, labda atakupa waranti." Nyuma yangu alikuwepo mwanakwaya mwenzangu wa huku huku kwetu. Kabla sijashuka kwenye gari Isongole, jirani yangu alikuwa ameshapata habari kwamba nimekwenda mjini kumtangaza kuwa ametuma radi. Huyo ndiye jirani tuliyekuwa tunaongea taratibu kuhusu fidia ya viazi vyake. Sasa hanipokei salamu. Ndugu Meneja, wewe unaishi Mbeya, unajua neno kama lile linavyoweza kumfikisha mtu pabaya. Mashine mnayo nyingine stoo. Ujirani wangu mtautoa stoo gani?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mashine mpya tu. Nimebadili nia. Nataka mashine mpya, na fundi mwingine, si yule, aje afunge kizuia radi chenye erthi yake, mizunguko ya waya, fimbo za erthi kama kijitabu kinavyosema, na kinga ya umeme upande wa soketi, bila kunitoza senti. Nataka friji langu lilipwe. Fidia ya viazi mtailipa nyinyi. Na kijana wako apande gari aje Isongole aniombe radhi mbele ya jirani yangu na mwenyekiti wa kitongoji, kwa sauti ile ile aliyoitumia dukani.

Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha za ile erthi, ambayo sijaigusa na sitaigusa mpaka aje mtu wa kuikagua. Pia nitasimama kwenye mkutano wa ushirika wetu wa maziwa, ambako wengi walikuwa wananisubiri mimi nijaribu kabla na wao hawajanunua kwenu.

Nimesoma tena barua hii kabla ya kuitia sahihi. Siku 14 ni nyingi. Nawapa saba.

Wako katika biashara, kama bado ipo,

Mama wa Isongole
(jina na namba ya simu viko kwenye risiti)

Nakala: Mwenyekiti wa Kitongoji
Nakala: Katibu, ushirika wa maziwa